Chuma Kinachoimba: Elimu ya Sauti katika Gitaa la Kanyagio

Shinyanga na ukanda wa Geita hutajwa kwa almasi na dhahabu, na sifa hiyo ni ya haki, maana Mwadui ilijulikana ulimwenguni tangu John Williamson alipoigundua almasi yake mwaka 1940, na dhahabu ya Geita ilianza kuchimbwa katika miaka ya 1930. Lakini zamani zaidi, kabla ya madini hayo mawili kuvuta macho ya wageni, madini yaliyoheshimiwa katika nchi hii yalikuwa chuma, kilichoyeyushwa na Warongo wa Uzinza katika matanuri ya udongo na kufuliwa majembe yaliyolima mashamba ya Usukuma. Chuma basi si kigeni kwa watu wa huku. Makala haya yanakieleza chuma katika kazi yake nyingine, ambayo haikusudii kulima wala kukata, bali kuimba.

Msikilizaji wa redio wa Kahama au Nzega, aliyezoea nyimbo za kantri za Marekani ambazo Afrika Mashariki imezipenda tangu zama za Jim Reeves, aghalabu ameisikia nyuma ya mwimbaji sauti nyembamba, ndefu, yenye huzuni tamu, inayopanda kutoka noti moja hadi nyingine bila ya kukatika, kisha inayumba kidogo na kuzimika taratibu. Wengine hudhani ni fidla, na wengine hudhani ni mtu anayeimba kwa mbali. Hakika yake ni gitaa, ila ni gitaa lisilopakatwa kifuani: limelazwa juu ya miguu minne mfano wa meza, lina nyuzi kumi za chuma, na mpigaji huketi nyuma yake akitumia mikono miwili, nyayo mbili na magoti mawili kwa wakati mmoja. Tuliite gitaa la kanyagio.

Asili yake ni visiwa vya Hawaii. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1880 kijana wa kisiwa cha Oahu, Joseph Kekuku, aliyezaliwa mwaka 1874, aliokota parafujo kando ya njia ya reli, akaitelezesha juu ya uzi wa gitaa lake, akapendezwa na sauti iliyotoka. Na yawe masimulizi hayo ni kamili au yametiwa chumvi, ni yeye aliyeueneza ufundi huo Marekani na Ulaya. Kusini mwa Marekani waimbaji wa mashambani waliupokea, na Jimmie Rodgers, aliyekuwa mfanyakazi wa reli kabla ya kuwa mwimbaji, aliweka gitaa la kutelezesha katika santuri zake kuanzia mwaka 1928, mwaka ule ule reli ya kutoka Tabora, iliyopita Shinyanga, ilipofika Mwanza. Santuri zake zilisafiri mbali kuliko yeye: mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika kurekodi muziki wa wenyeji, aliwakuta wasichana wa Kipsigis wakimwimba Rodgers kwa jina la Chemirocha, nusu mtu na nusu paa, ilhali mwenyewe alikuwa amekufa tangu mwaka 1933. Kwa hiyo ukoo wa muziki huu ulikwishapiga hodi katika nyumba zetu zamani, ingawa ala yenyewe haikufuatana nao.

Mwanzo wa miaka ya 1930 gitaa la kutelezesha lilitiwa umeme, na baadaye mafundi wakaongeza kanyagio ili nyuzi zipate kubadilishwa sauti wakati wa kupiga. Kwa muda kanyagio zilitumika kimya kimya, kubadili mpango wa nyuzi baina ya kipande na kipande, mpaka mpigaji Bud Isaacs, katika wimbo *Slowly* wa Webb Pierce uliotoka mwaka 1954, alipokanyaga huku nyuzi zikiendelea kulia. Wasikilizaji wakasikia sauti mbili zikipanda na ya tatu ikitulia mahali pake, na tangu siku hiyo kila mpigaji alitaka kanyagio.

Ili kufahamu kilichotokea hapo, yatupasa kuutazama uzi mmoja kwa karibu. Mfaransa Marin Mersenne aliandika mwaka 1636 kanuni ambayo haijatenguka: idadi ya mitetemo ya uzi hutegemea mambo matatu, yaani urefu wake, uzito wake na mkazo wake. Ukiugawa urefu kwa mbili, mitetemo huwa maradufu. Lakini ukitaka maradufu hiyo hiyo kwa njia ya mkazo, huna budi kuuzidisha mkazo mara nne. Gitaa la kawaida, mpigaji akisha kuzitia sawa nyuzi zake, hucheza zaidi na urefu. Gitaa la kanyagio hucheza na urefu kwa mkono na mkazo kwa mguu, na fahari yake yote imo katika kuziendesha njia hizo mbili pamoja.

Chukua uzi wa tatu, ulio mwembamba kupita wote. Unene wake ni kama milimita 0.28, urefu wake kama sentimita 61, na hutetemeka mara 415 kwa sekunde, sauti ambayo wanamuziki huiita Sol diezi. Ili utoe sauti hiyo sharti uvutwe kwa nguvu inayolingana na kuning'iniza mzigo wa kilo 12 na nusu. Mpigaji akikanyaga kanyagio ya pili, fimbo nyembamba zilizofichwa chini ya ubao huuvuta uzi huo mpaka ubebe kilo 14, na mitetemo yake hupanda hadi 440, ambayo ni La. Uzi mwembamba kiasi hicho, wenye mzigo mkubwa kiasi hicho, na unaovutwa na kulegezwa mara mamia kwa jioni moja, huwa karibu sana na ukomo wa chuma. Ndiyo maana uzi wa tatu hukatika mara nyingi kuliko nyuzi nyingine, na mpigaji mwangalifu hatembei bila ya akiba yake.

Kanyagio ya kwanza huzivuta nyuzi za tano na za kumi kwa hatua kubwa zaidi, toni nzima, nayo huhitaji mkazo uongezeke kwa asilimia 26. Zikikanyagwa zote mbili pamoja, noti mbili kati ya tatu za mwafaka, yaani noti zinazolia pamoja, hupanda huku ya tatu ikikaa, na mwafaka wa Mi hugeuka kuwa mwafaka wa La bila ya mkono wa kushoto kusogea hata chembe. Gitaa la kawaida likitoka mwafaka mmoja kwenda mwingine huruka, na baina yake pana pengo. Hili hupita katikati ya miafaka, na sikio husikia safari yote.

Sasa tuutazame mkono wa kushoto. Haukandamizi nyuzi kwenye shingo ya ala, bali hushika mche wa chuma uliong'arishwa, mviringo, mrefu wa sentimita nane na kitu, wenye uzito wa zaidi ya gramu 200, unaowekwa juu ya nyuzi na kutelezeshwa. Uzito huo una kazi yake. Wimbi linalosafiri katika uzi likifika mwisho wake hurudi, na kila likirudi hupoteza sehemu ya nguvu. Ncha ya kidole ni laini, kwa hiyo huinywa nguvu hiyo upesi na sauti hufa, ilhali chuma kizito na kigumu hulirudisha wimbi karibu lote, na sauti hudumu. Vidole viwili vya nyuma hulala juu ya nyuzi upande usiopigwa, kuzuia mlio wa ziada ambao ungeichafua sauti.

Uhuru huo una gharama yake. Gitaa la kawaida lina vijiti vya chuma shingoni vinavyoamua noti kwa niaba ya mpigaji. Hili lina mistari ya rangi tu, na mistari haizuii kosa. Mche ukikosea kwa milimita moja mwanzoni mwa shingo, sauti hukosea kwa takriban sehemu tatu kati ya mia za nusu-toni, kosa ambalo wengi hawalisikii. Lakini milimita ile ile katikati ya uzi huwa karibu sehemu sita, na juu zaidi, uliposalia robo ya uzi, huwa sehemu kumi na moja, na hapo kila mwenye masikio hukunja uso. Basi jicho humfikisha mpigaji karibu, na sikio humfikisha penyewe. Akishafika, huusukasuka mche mbele na nyuma kwa upole, mara tano au sita kwa sekunde, nao ni mwendo ule ule wa mtikisiko wa koo la mwimbaji. Hiyo ni moja ya sababu za watu kudhani kwamba chuma kinalia kama binadamu.

Sababu nyingine imo katika mguu wa kulia. Chini ya nyuzi mna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitetemeka hulitikisa eneo la sumaku, na mtikisiko huo huzaa umeme mdogo ndani ya waya. Kanuni hiyo aliigundua Michael Faraday mwaka 1831, na mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, Geita, anayewasha jenereta usiku huitumia kila siku, maana jenereta nayo ni sumaku na waya wa shaba, ila huko mtikisiko huletwa na injini na umeme wake huwasha taa, na huku huletwa na uzi na umeme wake huwa wimbo. Umeme huo hupitia kanyagio ya sauti kabla ya kufika kwenye spika. Kila uzi ukigongwa huanza kwa kishindo, kisha hufifia. Mpigaji hukipitisha kishindo hicho akiwa ameipunguza sauti, halafu kadiri uzi unavyofifia huifungua taratibu, kama mtu anayepandisha utambi wa kandili mafuta yanapokaribia kwisha. Hasara na nyongeza hukutana, na msikilizaji husikia noti isiyo na mwanzo mkali wala mwisho wa ghafla, mfano wa pumzi inayotolewa kifuani.

Mkono wa kulia nao una mengi. Kidole gumba na vidole viwili huvaa kucha za bandia, na mahali zinapogonga hubadili rangi ya sauti: karibu na mwisho wa uzi sauti huwa kali, kwa kuwa sauti tanzu nyingi, yaani zile za juu ambazo uzi huzitoa pamoja na sauti yake kuu, huamka, na mbali zaidi huwa ya duara. Ustadi mkubwa ni kuzinyamazisha nyuzi, ama kwa ubavu wa kiganja ama kwa kucha zenyewe kurudi upesi, maana katika ala ambayo kila uzi hutaka kuendelea kulia, asiyejua kunyamazisha huishia katika ghasia.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo linaloirudisha ala hii Tanzania. Kinanda cha kisasa kimegawanywa katika nusu-toni kumi na mbili zilizo sawa, na ugawaji huo umeipandisha noti ya kati ya mwafaka, kama Sol diezi katika mwafaka wa Mi, kidogo juu ya mahali pake pa maumbile, kiasi cha sehemu 14 za mia ya nusu-toni. Katika kinanda kosa hilo hujificha, kwa kuwa noti hufa mapema. Katika gitaa la kanyagio noti hudumu, na zikidumu, sauti tanzu za Mi na Sol diezi hugombana na kutoa mapigo kama 13 kwa sekunde, na mwafaka huchafuka. Kwa hiyo wapigaji wengi huishusha Sol diezi kwa sikio mpaka mapigo yanyamaze, au yapungue ya kutosha, nao huikaribia nisbati ya nne kwa tano.

Nisbati hiyo si mali ya Nashville, mji wa nyimbo za kantri. Waimbaji wa Kigogo wa Dodoma, pamoja na mazeze yao ambayo marehemu Hukwe Zawose aliyapeleka mpaka Ulaya, hujenga muziki wao juu ya sauti tanzu za maumbile, ya nne, ya tano, ya sita na kuendelea hadi ya tisa. Na baina ya ya nne na ya tano mna nisbati ile ile. Upinde wa kibuyu, ambao Wagogo huuita ndono, huifundisha waziwazi: mpigaji huukaribisha mdomo wa kibuyu kifuani na kuuondosha, na kila anapofanya hivyo uzi mmoja hutoa sauti tanzu tofauti. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Fundi wa Nashville na malenga wa Ugogo walifika mahali pamoja kwa kuwa wote wawili waliufuata uzi wenyewe, na uzi unaotetemeka hutii amri moja kila mahali duniani.

Wanigeria hawakungoja kuelezwa haya. Demola Adepoju alilipiga gitaa la kanyagio katika bendi ya King Sunny Adé, na katika sahani ya *Juju Music* ya mwaka 1982 likasikika katikati ya ngoma zinazosema, pasipo mtu kulihisi geni. Kwetu pia laweza kupata makao. Gitaa la kanyagio lenyewe ni ghali na mashine yake ni ya usanifu mwingi, lakini babu yake, gitaa la kulaza mapajani, lahitaji ubao mmoja wa mninga, nyuzi za chuma, sumaku, waya wa shaba na kipande cha chuma kilichochongwa na kung'arishwa. Na hakuna fundi wa Shinyanga au Geita, awe wa kuchomelea au wa kusuka mota za karasha, asiyeweza kuvipata na kuviunga. Mwanafunzi atakayelitengeneza atakuwa amejifunza kwa mikono yake Mersenne na Faraday, mkazo na wimbi, hisabati za nisbati na adabu ya sikio, masomo ambayo shule nyingi huyafundisha ubaoni kwa chaki tu. Walimu wa fizikia na walimu wa muziki wa mikoa hii miwili waikutanishe elimu yao juu ya ubao huo mmoja, na kazi ianze.