Ndai Inakunywa Petroli Kama Ngamia? Cheki Hii Sensa Kabla Hujauza

Kama ushawahi kutoka Lokichar ukielekea Lokori saa nane mchana, unajua jua la huko si mchezo. Ndio maana madere wengi hukubali fundi ang'oe thamostati “ndio gari ipoe.” Gari inapoa kweli, lakini mfuko wako ndio unaanza kuchemka.

Stori ni hii. Ndai ya injekta ina kompyuta inayoamua mambo mawili: petroli iingie kiasi gani na plagi ichome lini. Lakini kompyuta haina macho. Inategemea sensa ndogo iliyofungwa kwenye njia ya maji ya injini. Maji yakiwa baridi, sensa inabania umeme. Yakipata moto, inaachilia. Kwa gari nyingi, ukipima na mita kwa nyuzi 20 unapata kama omu 2,000 hadi 3,000. Kwa nyuzi 80, inashuka hadi karibu 300.

Ikisoma baridi, kompyuta inaongeza petroli, juu kwa injini baridi petroli haigeuki mvuke vizuri. Ikisoma joto limezidi, inachelewesha cheche ya plagi ili mafuta yasijilipue yenyewe na injini ianze kugonga.

Sasa, bila thamostati, ukiwa mbio injini inaweza kukosa kufika joto lake. Kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inazidi kumwaga petroli.

Kuna pia sensa ya joto la hewa. Hewa moto ni nyepesi, kwa hivyo petroli inapunguzwa na cheche inarudishwa nyuma kidogo. Ndio maana gari huhisi nzito mchana kuliko alfajiri.

Dalili za sensa ya maji inayodanganya “niko baridi”: moshi mweusi, plagi zimejaa masizi, na gari kusumbua kuwaka ikiwa moto. Waya ukikatika, gari nyingi huwasha taa ya cheki injini na feni inazunguka bila kupumzika.

Kwa hivyo msee, kabla ununue injekta mpya, anza na waya, soketi na sensa yenyewe. Rudisha thamostati, osha redieta, na usifungue kifuniko chake injini ikiwa moto, utaungua.

Petroli ikikuishia Nairobi, unatembea hadi stesheni. Ikikuishia njia ya Lokori, utangoja lori chini ya mti, na maji ya kunywa nayo yanaisha.