MAUMIVU YA KIUNO YASHUKAYO MGUUNI

Wapakiaji wa viazi na mbao wa Njombe na Makambako wanaarifiwa kuwa maumivu ya kiuno yashukayo hadi chini ya goti, yenye ganzi na yazidiyo wakati wa kukohoa, huenda yakatokana na kisahani laini cha baina ya pingili za mgongo kuchomoza na kubana mshipa wa fahamu.

Wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila ya kupasuliwa. Mgonjwa aache kubeba lumbesa, atembee kidogo kidogo, wala asilale siku nyingi.

Akishindwa kukojoa, akifa ganzi sehemu za siri, au mguu ukilegea, afikishwe hospitali siku hiyo hiyo. Kuchelewa huweza kuleta ulemavu wa kudumu.