Pumu, au Kitu Kimeingia Njia ya Hewa?

Hapa Nakivale, kuanzia Base Camp hadi Juru na Rubondo, tunaanika karanga na maharagwe mkekani na watoto wanacheza hapo hapo. Punje moja ikivutwa, kifua kinapiga filimbi, nasi tunasema haraka: "Ni asima." Lakini si kila filimbi ni pumu.

PUMU
- Huja na kuondoka, hasa usiku, wakati wa mafua, moshi wa kuni, vumbi ao baridi.
- Filimbi husikika pande zote mbili za kifua.
- Dawa ya kuvuta huleta nafuu.

KITU KILICHOVUTWA
- Huanza ghafla, mtoto akila ao akicheza, bila mafua.
- Wengi ni wa chini ya miaka 4. Magego yao bado.
- Filimbi mara nyingi ni upande mmoja.
- Dawa ya pumu haisaidii vizuri.
- Nimonia inarudi upande ule ule.

Tujihadhari: baada ya kukohoa sana mtoto anaweza kutulia, hata siku kadhaa, na mama akadhani yamekwisha. Kumbe punje iko ndani, inavimba. Na picha ya eksirei kwa kawaida haionyeshi karanga. Kwa hiyo neno lako ndilo kipimo cha kwanza. Mwambie muganga: "Alipaliwa akila karanga." Hata kama ni wiki mbili zimepita, sema. Kama lugha inakushinda, omba mkalimani.

AKIPALIWA
Akikohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Usiingize kidole mdomoni bila kuona kitu. Akishindwa kulia ao kupumua, mwinamishe, mpige mgongoni kati ya mabega mara 5. Bado? Wa chini ya mwaka 1, bonyeza katikati ya kifua mara 5. Mkubwa zaidi, bonyeza juu ya kitovu mara 5. Rudia, huku jirani akitafuta usafiri.

Kimbilieni kituo cha afya kilicho karibu, mpewe rufaa ya Mbarara. Wengi tunaijua Ruharo kwa matibabu ya macho. Safari hii fuateni barua inavyosema. Kitu hutolewa kwa mrija wenye taa, mtoto akiwa amelazwa usingizi.

Nyumbani, tusage karanga za wadogo, na shanga na vifuniko vya kalamu viwekwe juu. Mtoto ale akiwa ameketi.