Maji kuwa meupe siyo kuwa salama

Wadau, mwarobaini tunaujua kwa kutibu magonjwa arobaini. Siku hizi maabara zinautumia pia kutengeneza vichocheo vya kuvunja rangi za nguo kwenye maji machafu. Ngoja nieleze kwa lugha ya kawaida.

Majani yanachemshwa na kuchujwa, kisha maji yake yanachanganywa na naitrati ya fedha. Polifenoli za majani zinaigeuza kuwa chembe za madini ya fedha zenye upana wa nanomita chache tu (milimita moja ni nanomita 1,000,000). Chembe hizo zikishikizwa kwenye unga wa oksidi ya zinki, tunapata kichocheo mseto. Mwanga wa jua ukiupiga unga, elektroni zinaruka, fedha inazidaka, na kwenye maji vinazaliwa viini vikali vinavyokatakata rangi.

Safi sana, ila tuwe macho. Rangi kupotea siyo lazima iwe imevunjika. Methilini bluu ikiongezewa elektroni inakuwa nyeupe; itikise kwenye hewa, bluu inarudi! Rangi za azo nazo zikikatwa nusu zinaweza kuacha amini zisizoonekana, nyingine zinasababisha saratani.

Kwa hiyo mtu akikuonyesha chupa ya bluu iliyogeuka nyeupe, mimi nasema muulize: kaboni imebaki kiasi gani? Ulijaribu gizani, isije ikawa unga umeinyonya tu? Na fedha iliyovuja je?

Mnaotengeneza batiki na kumwaga maji mtaroni, mnasemaje?