Mji Uliompita Mama Lishe

Nilikwenda Wasso kwa ajili ya barabara. Azma yangu ilikuwa kuandika habari za lami ya kilomita 49 inayouunganisha mji huo mdogo na njia panda ya Sale, na sikuwa na nia ya kusema neno juu ya maisha ya mjini, kwa sababu Wasso, pamoja na hospitali yake iliyojengwa na wamisionari wa Kikatoliki katika miaka ya 1960, maduka yake, na jirani yake Loliondo yenye ofisi za wilaya ya Ngorongoro, si mahali ambapo mtu aliyezoea Arusha au Mwanza angepaita mji bila kusita kwanza. Asubuhi moja, nikingoja chai katika kibanda cha mama lishe mwenye wajukuu wakubwa, nilimwuliza, kama ilivyo ada ya mgeni anayetafuta mazungumzo, iwapo amepata kuishi katika mji mkubwa.

"Nimeishi, mwanangu," alijibu, akigeuza chapati bila kuniangalia. "Kiasi cha miezi mitatu."

"Mji gani, mama?"

"Samunge. Mwaka ule wa kikombe."

Jibu hilo lilinifuata mchana kutwa. Samunge ni kijiji, na kilikuwa kijiji kabla ya mwaka 2011 na baada yake. Lakini kadiri nilivyolitafakari neno la mama huyu ndivyo nilivyoona kwamba hakukosea, na kwamba katika maelfu ya maneno yaliyosemwa na kuandikwa juu ya mambo ya mwaka ule, mimi nikiwa mmoja wa walioyasoma kwa pupa, hakuna aliyefikiri kumwuliza mtu aliyekaa pale jinsi mji ule ulivyokuwa ukikalika. Jioni nikarudi kibandani, nikakaa, na barabara ikangoja.

Msomaji anayakumbuka mambo yenyewe, nami sitayarefusha. Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, ambaye nchi nzima ilimwita Babu, alieleza kwamba alioteshwa dawa ya mizizi ya mti uitwao mugariga. Aliitoa kwa kikombe kimoja na shilingi 500, na kufikia Machi 2011 habari zake zilikuwa zimevuka mipaka, hata wakaja masikini na mawaziri, Watanzania na Wakenya, kwa malori, mabasi, Land Cruiser na helikopta. Dunia ikasema "Loliondo", ingawa Samunge imo katika tarafa ya Sale, kwa Wasonjo, ambao kwa jina lao wenyewe ni Wabatemi. Foleni ya magari iliripotiwa kufika kilomita 26, na watu waliokuwa wakingoja kukadiriwa 24,000, mpaka Babu mwenyewe akaomba watu wengine wasije kwanza mpaka waliopo wapungue. Alifariki Julai 2021.

Watu 24,000 ni mji wa wastani kwa kipimo chetu, nao ulizuka mahali penye njia moja ya vumbi, na masika yalipoingia, ya matope. Mama lishe wangu alidandia lori kutoka Wasso akiwa na masufuria mawili, gunia la mkaa na mtungi wa maharage, akayapanga mafiga yake kando ya njia, mahali ambapo hakupapima kwa kilomita bali kwa namna ya wenyeji wa mji ule: palikuwa, alisema, mwendo wa siku moja na nusu ya foleni kutoka kwa Babu. Hapo ndipo alipokaa, na kutoka hapo ndipo alipoona jambo ambalo alinieleza kwa utulivu kama mtu anayeeleza hali ya hewa, nami sijalisahau.

Katika miji yote anayoijua mtu, alisema, watu ndio wapitao na nyumba ndizo zikaazo. Kule Samunge nyumba zilikuwa zikipita, na yeye ndiye aliyekaa. Basi lililosimama mbele ya mafiga yake alfajiri lilikuwa na watu arobaini ambao kufikia adhuhuri alikwisha kuwajua, huyu mwenye kisukari, yule mwenye mtoto asiyesimama, na mzee wa Kimeru aliyekataa kuketi kwa kuwa mgongo ulimwuma zaidi akiketi. Halafu foleni ikasogea hatua kadhaa, na basi lile likaenda na jamaa zake wote, na mbele ya mafiga likasimama jingine lenye maradhi mengine na majina mengine. "Mji ulikuwa ukinipita," alisema, "na mimi nimekaa na mwiko wangu. Nilikuwa mwenyeji wa mji wa wapita njia."

Nilimwuliza watu waliishije na majirani, kwa maana ujirani ndio nusu ya maisha ya mjini. Akacheka kidogo, akaniambia kwamba hajapata kuona ujirani wenye nguvu kama ule wala ujirani mfupi kama ule. Katika foleni mtu ana majirani wawili tu wa hakika, wa mbele na wa nyuma, na hao hakuwachagua wala hawezi kuwahama, kwa sababu kuwahama ni kupoteza nafasi yake. Basi tajiri mwenye gari la kiyoyozi na familia iliyobanana katika Noah ya kukodi walilazimika kujuana kwa siku mbili, tatu, hata tano, wakilindiana magari mtu alipokwenda porini kwa haja, wakiazimana ndoo, wakipeana mikeka, wakiamshana usiku gari la mbele lilipowasha taa. Watu waliitana kwa vyombo vyao: "wa basi la bluu", "wa lori la turubai". Usiku, alisema, ukitazama kutoka juu ya kilima, ungeona mtaa mmoja usio na mwisho, taa na mioto ya kuni ikifuatana katika giza, na katika gari hili watu wanaimba pambio, na katika gari la tatu wanasoma dua, na hakuna aliyemnyamazisha mwenzake.

Kisha wakafika. Na hapa mama huyu alinyanyua bilauri tupu ya chai akanionyesha kwa mkono jinsi ilivyokuwa, kwa maana siku moja alipanda kwa mguu akaenda kujionea: magari hayakuegeshwa, wala watu hawakushuka kupanga mstari, bali wasaidizi walileta vikombe vya plastiki mpaka madirishani, mikono ikatoka, kikombe kikaingia, kikanywewa, kikarudi, na gari likaongozwa kwenda zake. Aliyemlindia jirani yake gari kwa siku nne alimwona kwa mara ya mwisho hapo, aghalabu kisogoni. Aliwaona wengine wakirudi kwa njia ile ile na kumpita. Baadhi walimpungia mkono, wengine walikuwa wamelala. Hakuna aliyeshuka kunywa chai. "Si kwa ubaya," alisema. "Walikuwa wamekwisha."

Nilikaa na neno hilo, wamekwisha, kwa muda mrefu. Lilikuwa neno la kweli kwa namna nyingine pia, kwa sababu magazeti ya Machi 2011 yaliripoti kwamba watu 52 walikuwa wamekufa wakiingoja zamu yao au wakiwa njiani, na mama lishe alikuwapo siku ambayo gari lililokuwa mbele yake halikusogea wengine waliposogea. Jamaa wa marehemu hawakujua wamwendee nani. Katika mtaa wa Arusha kuna balozi, kuna mwenyekiti wa mtaa, kuna msikiti na kanisa, kuna wanawake wa jirani watakaokuja na kanga na vyungu bila kuitwa. Pale palikuwa na serikali iliyofanya ilichoweza, na polisi wa kupanga magari, lakini hapakuwa na mtu wa kusema "msiba huu ni wetu". Akina mama watatu, yeye akiwa mmoja wao, walichemsha maji na kumsitiri marehemu kwa kanga mpaka gari la kumrudisha lilipopatikana. Hakuyajua majina ya wenzake wale wawili, wala wao hawakulijua lake.

Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini jambo hili lilinisumbua. Kwa maana Samunge haikuwa nyika tupu iliyovamiwa na umati. Palikuwa na mji pale kabla, mji mdogo kwa idadi lakini wa kale kwa maarifa. Wabatemi ni watu wa mifereji: tangu zamani huyatoa maji katika chemchemi na mito, na kuyapeleka mashambani mwa mtama, mahindi na viazi vitamu, na zamu za maji hayo husimamiwa na baraza la wazee wa kurithi waitwao wenamiji, jina ambalo sikio la Mswahili hulisikia mara moja kama wenye miji. Na katika pwani yetu pia, tangu Lamu hadi Kilwa, wenye mji hawakuwa watu wote walioonekana mjini, bali wale ambao mji ulikuwa na haki juu yao nao wana haki juu yake.

Mama lishe, ambaye si Mbatemi, alijifunza jambo hilo kwa maji ya kupikia. Mwenyeji aliyempa nafasi ya kulala alimwonya asichote mferejini wakati wowote apendao, maana hata maji yanayoonekana kupita bure yana mwenyewe kwa saa ile, na mwenyewe huyo kesho atakuwa mwingine. Alistaajabu, alisema, kuona katika bonde moja zamu mbili za aina mbili. Juu ya njia, watu maelfu wakiingoja zamu ijayo mara moja tu katika maisha. Chini ya njia, watu mamia wakiingoja zamu itakayorudi. Wa juu walitendeana wema mkubwa, na hilo alilishuhudia, lakini hawakuchimba choo. Wa chini waligombana, naye aliwasikia wakigombana, lakini mfereji ulipobomoka walikwenda wote na majembe.

Sikupata katika kitabu chochote tafsiri ya mji iliyo bora kuliko hiyo. Mtu ambaye zamu yake ni moja ni msafiri, hata akiwa amezungukwa na watu 24,000; mtu ambaye zamu yake itarudi kesho na keshokutwa hana budi kumstahi aliye mbele yake na aliye nyuma yake, kwa kuwa atawakuta tena, na hapo ndipo ujirani huanza kuwa sheria.

Yako maswali ambayo mama huyu aliniuliza nami sikuwa na jawabu. Aliniuliza kama wale aliowalisha walipona. Utafiti haukuthibitisha kwamba kikombe kile kiliponya maradhi waliyokwenda nayo, na tunajua kuwa wako walioacha dawa zao za hospitali kwa kuamini kwamba kazi imekwisha. Lakini yeye hakuwa akiniuliza juu ya utafiti, alikuwa akiniuliza juu ya mtoto asiyesimama na mzee wa Kimeru, na hao hakuna daftari lililowaandika. Aliniuliza pia ni nani aliyewazika wale 52, na kama yupo anayejua makaburi yao yako wapi. Nimeyabeba maswali hayo kurudi nayo mjini, na sijui niyakabidhi kwa nani.

Barabara niliyoifuata imekwisha kujengwa, na Wasso inakua. Karatu, upande wa pili wa kreta ya Ngorongoro, imekua zaidi, na viwanja vinapimwa kila mwaka. Sensa itatuambia tuna watu wangapi. Nawasihi wakazi wa miji hii, na viongozi wao, kabla hawajafurahia hesabu hiyo, wakutane waamue zamu ya maji ni ya nani, taka zinatupwa wapi, na akifa mgeni usiku nani agongewe mlango. Samunge ya Machi 2011 ilikuwa na watu wa kutosha kuitwa mji, nayo ilitawanyika pasipo kuacha hata mtu mmoja anayeweza kusema kwamba alizaliwa humo.