Santuri Iliyolengwa Vibaya

Aghalabu katika nyumba ya mpenzi wa muziki lipo sanduku la santuri, kaseti au CD ambalo halijafunguliwa kwa miaka mingi. Zimo humo kazi zilizonunuliwa kwa hamu, zikasikilizwa mara moja, kisha zikawekwa kando kwa kuwa hazikufanana na zilizotangulia. Mwenye sanduku la namna hiyo akikuta humo CD iitwayo Dazzle Ships, asiipite.

Hiyo ni kazi ya mwaka 1983 ya bendi ya Uingereza, Orchestral Manoeuvres in the Dark, ijulikanayo kwa kifupi kama OMD. Waasisi wake ni Andy McCluskey na Paul Humphreys, vijana wa Wirral, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool. Mwaka 1981 walikuwa wametoa santuri ya Architecture & Morality, ambayo nyimbo zake tatu ziliingia katika tano bora za Uingereza. Wasikilizaji wakakaa wakingojea nyingine kama hiyo.

Hawakuipata. Katika Dazzle Ships, vinanda vya umeme vilichanganywa na sauti zilizonaswa redioni: mlio wa utambulisho wa Redio Prague, habari ya binti wa Nicaragua aliyekatwa mikono, na saa za mataifa mbalimbali zikitangaza wakati kwa pamoja, kila moja kwa lugha yake. Hata sauti ya kidude cha kuwafundishia watoto tahajia imo. Ilikuwa zama za vita baridi, na yeyote aliyewahi kutafuta stesheni usiku katika masafa mafupi atautambua mara moja ulimwengu huo wa sauti zinazopishana hewani.

Jina la santuri nalo lina historia ambayo askari ataielewa upesi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, nyambizi za Kijerumani zilizamisha meli nyingi za Waingereza. Mwaka 1917 mchoraji Norman Wilkinson, aliyekuwa akitumikia jeshi la majini, alishauri kwamba meli baharini haifichiki. Basi na ipakwe mistari mikubwa yenye kukinzana, ili adui aione lakini akosee kukadiria mwendo na uelekeo wake. Mchoraji mwingine, Edward Wadsworth, alisimamia upakaji huo bandarini Liverpool, na mwaka 1919 akachora picha mashuhuri ya meli hizo. Picha hiyo ndiyo iliyomfanya Peter Saville, mmoja wa wabunifu wa jalada, apendekeze jina.

Yaliyozipata meli yaliipata santuri pia: ilionekana vema, lakini ililengwa vibaya. Ilifika nafasi ya 5 nchini Uingereza, kisha ikashuka upesi. Wimbo wa Genetic Engineering uliishia nafasi ya 20, na Telegraph nafasi ya 42. Wenyewe wamesimulia kwamba mauzo yao yaliporomoka kutoka milioni 3 hadi 300,000. Hofu ikawaingia. Santuri iliyofuata mwaka 1984, Junk Culture, ilirejea kwenye nyimbo nyepesi za kuchezeka, na Locomotion ukafika nafasi ya 5. Biashara ilipona, lakini ule ujasiri wa awali ulipungua. Hukumu ya haraka ya msikilizaji ina gharama, na mlipaji ni msanii.

Dazzle Ships ilipotolewa upya kwa CD mwaka 2008, wengi walishangaa kuona ilivyokuwa na mpangilio. Ni nyimbo 12 katika dakika 35 hivi. Afaaye kuisikiliza ni yule atakayetulia, jioni kazi zikiisha, aianze mwanzo na kuifikisha mwisho bila kuruka. Atagundua kwamba makelele ya redio yanazitayarishia njia nyimbo tulivu, kama The Romance of the Telescope na ule wa kufungia, Of All the Things We've Made.

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Sanduku lile na lifunguliwe. Huenda kilichotupwa humo kama kosa kilikuwa kikimngoja tu msikilizaji akomae.