MHESHIMIWA WA WADI: TUMDAI KAZI GANI?

Katika mikutano ya vikundi, swali moja halikosi kuulizwa: huyu MCA wetu anafanya kazi gani hasa? Wengine husema kazi yake ni kulipa karo. Wengine husema ni kuchanga kwa matanga na harambee. Na wengine wamekata tamaa kabisa. Wanasema, ngojeni miaka mitano iishe, mtamwona akirudi na leso na unga.

Tumeona afadhali tulieleze jambo hili polepole, kwa maana kikundi kisichojua kazi ya mtu hakiwezi kumdai kazi hiyo.

Alitoka wapi?

Zamani tulikuwa na diwani katika baraza la mji au la kaunti. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 ilileta serikali za kaunti 47, na uchaguzi wa kwanza chini yake ulifanywa tarehe 4 Machi 2013. Nchi nzima ina wadi 1,450. Kila wadi humchagua mtu mmoja kwenda katika bunge la kaunti. Wako pia wanachama walioteuliwa, ambao hawana wadi.

Bunge hili si dogo. Katiba inasema kaunti zote pamoja zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya serikali ya taifa. Gavana hawezi kutumia pesa za kaunti bila idhini ya bunge la kaunti. Kwa hiyo mtu wako wa wadi ana ufunguo mkononi, hata kama hana pesa mfukoni.

Kazi zake

1. Kutunga sheria za kaunti, kama vile za ushuru wa soko na leseni za biashara.
2. Kupitisha mipango na bajeti ya kaunti.
3. Kumchunguza gavana na mawaziri wake wa kaunti: pesa zilienda wapi, na kazi ilifanywa namna gani?
4. Kuwa karibu na watu wa wadi, kuwauliza maoni yao na kuyafikisha bungeni.

Hii ya nne si hisani. Imeandikwa katika Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Sheria hiyo hiyo inamkataza MCA kufanya kazi za utawala wa kaunti, au kutoa huduma kana kwamba yeye ni mfanyakazi wa kaunti. Maana yake, si yeye wa kuchimba kisima, wala si yeye wa kumchagua kontrakta wa barabara. Hiyo ni kazi ya gavana na maofisa wake, na ofisa aliye karibu nawe ni msimamizi wa wadi. Kazi ya MCA ni kuhakikisha kisima kimo katika bajeti, halafu kuuliza kwa nini hakijachimbwa.

Usibishe mlango usio wako

Shule za msingi na sekondari, polisi, chifu na barabara kuu ni za serikali ya taifa. Hayo mpelekee mbunge au ofisa wa serikali ya taifa.

Zahanati, vituo vya afya, chekechea, vyuo vya ufundi vya kijijini, barabara za kaunti, masoko, kilimo, mifugo na maji ya kijijini ni mambo ya kaunti. Hapo ndipo MCA anapohusika.

Bajeti ina majira yake

Mkulima hapandi mahindi wakati wenzake wanavuna. Bajeti nayo ni hivyo hivyo. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini ukienda kuomba mwezi wa saba umechelewa. Shikeni tarehe hizi:

- Kufikia 1 Septemba: mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata unapelekwa bunge la kaunti. Hapa ndipo miradi inapotajwa.
- Kufikia 28 Februari: bunge linaletewa karatasi inayoonyesha kila idara itapata kiasi gani.
- Kufikia 30 Aprili: bunge linaletewa makadirio ya bajeti.
- Kufikia 30 Juni: bajeti inapitishwa.

Katiba inalitaka bunge la kaunti kufanya kazi yake waziwazi na kuwashirikisha wananchi. Mkutano wa maoni ukitangazwa, kikundi kipeleke watu wasiopungua watatu, wakiwa na maandishi.

Tuchukue mfano. Tuseme kikundi cha akina mama kinataka kalvati mahali mto unapokata njia ya zahanati. Wakimwambia mheshimiwa matangani, atasema "nimesikia" na atasahau. Lakini wakiandika barua mwezi wa saba, wakataja mahali, ni watu wangapi wanaopita hapo, na ni mara ngapi wajawazito walishindwa kuvuka wakati wa mvua, jambo hilo linaweza kuingia katika mpango wa Septemba. Barua iwe na nakala mbili. Moja apewe yeye, na nyingine ipigwe muhuri wa ofisi yake ibaki na katibu wa kikundi. Mwezi wa nne wanauliza: kalvati yetu imo katika makadirio, au imetolewa? Ikiwa imetolewa, bado kuna miezi miwili ya kupiga kelele.

Na akinyamaza?

Sheria inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi rasmi kwa bunge la kaunti juu ya jambo lolote lililo chini ya uwezo wake. Ombi hupelekwa kwa karani wa bunge au kupitia kwa MCA. Liandikeni kwa heshima. Elezeni mlikokwenda kwanza na mlijibiwa nini, semeni wazi mnachotaka, kisha mtie sahihi au alama ya kidole gumba.

Neno juu ya kitu kidogo

Mtu akikupa shilingi 500 ili umpigie kura, igawanye kwa miaka mitano. Ni shilingi 100 kwa mwaka. Kwa siku haifiki hata senti 30. Kwa bei hiyo umeuza dawa za zahanati, kalvati na maji. Tena, kwa sheria ya makosa ya uchaguzi ya mwaka 2016, anayetoa na anayepokea wote wana hatia. Na ukishapokea, utamuuliza kwa mdomo gani?

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Wala halimfikii.

Maswali ya kujadili kikundini

1. MCA wetu yuko katika kamati gani za bunge la kaunti?
2. Ni mradi gani mmoja tunaoutaka kuliko yote, na je, ni kazi ya kaunti?
3. Nani kati yetu ataandika barua, na ataipeleka tarehe gani?